Cheti cha Mjomba Hakina Mwisho

Ijumaa asubuhi ilikuwa marufuku kusema katika nyumba ile. Na si kusema peke yake. Jiko la presha lisipige filimbi, mashine ya kufulia isizunguke, na simu ya Bi Mkubwa, ambayo kila ujumbe ukiingia ililia kama kuku anayetaga, ikae chumbani chini ya mto. Kazi ya kusimamia ukimya huo ilikuwa yangu. Madam, mwajiri wangu, aliketi kwenye meza ya chakula, kompyuta mbele yake, miwani puani, chai ikipoa pembeni, akawa anafanya mtihani.

Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba ni mtihani, nilicheka. Mwanamke amepita hamsini, daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, madaktari vijana wanampigia simu tonge likiwa mkononi kumuuliza wafanye nini na mgonjwa, sasa mtihani wa nini tena? Kwetu Nakuru mtihani ni wa watoto. Ukiupita unachinjiwa kuku, cheti kinatiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha inakaa sandukuni kwa mama, na hakuna mtu atakayekuuliza tena mpaka unazikwa. Nikajiambia huyu lazima kuna kitu alifeli na anaona haya kusema.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Wengine wanaita udaku, na sikatai. Lakini kabla sijamuuliza madam mwenyewe, nilimuuliza Bi Mkubwa, mamake, kwa sababu ndiye niliyeletwa kumtunza.

Bi Mkubwa alivushwa kutoka Unguja akiwa msichana mdogo, baada ya mapinduzi, akakulia Jeddah, akaolewa Jeddah, akazaa Jeddah. Mumewe alipofariki, bintiye alimhamishia kwake Riyadh, kwenye fleti ya mtaa wa Malaz. Kiarabu anakisema kama waliozaliwa nacho, ila alitangaza kwamba hazeeki na mtu asiyeweza kusengenya naye kwa Kiswahili. Ndiyo nikatafutwa mimi. Siku niliyofika alinisikiliza nikijieleza, kisha akamgeukia bintiye. "Kiswahili cha huyu kinaingia ndani na viatu," akasema. Tukapatana tangu hapo.

"Hajamaliza kusoma," alinieleza kuhusu mtihani, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo. "Kaka yangu ndiye aliyemaliza. Cheti chake kiko ukutani Jeddah, utakwenda ukione. Hakina tarehe ya mwisho. Cha huyu mwanangu kina tarehe ya mwisho kama maziwa."

Kaka yake huyo alikuwa daktari pia, bingwa wa magonjwa hayo hayo. Alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini kwa watu wao wa Jeddah hakustaafu kitu. Mtu akiumwa goti, akivimba mguu, akitaka kujua kama dawa ya hospitali aimeze au aitupe, anaulizwa yeye. Hachukui hata riali. Bi Mkubwa alimpigia simu kila siku baada ya alasiri, na neno lake likishatoka limetoka.

Nikamwendea madam. Tulikuwa jikoni, mimi naosha, yeye anapangusa, jambo ambalo halikuwa kazi yake, lakini alipenda kulifanya akitoka zamu.

"Madam, si uliqualify kitambo? Ama kuna paper ulirudia?"

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Halafu akanieleza, na alinieleza vizuri, bila kunichezea kama mtoto. Yeye na mjomba wake walisomea Marekani, na bodi iliyowapima ni hiyo hiyo moja. Enzi za mjomba, ukipasi umepasi, unapewa cheti cha maisha. Baadaye wakubwa wa bodi wakaona dawa zinabadilika, na daktari mwenye moyo mzuri kabisa anaweza kumtibu mtu kwa elimu iliyokwisha kufa. Wakaanza kutoa vyeti vyenye mwisho. Waliokuwa na vya zamani wakaachiwa vyao kama vilivyo. Wapya walirudia mtihani mmoja mkubwa kila baada ya miaka kadhaa, mpaka juzi juzi walipopewa njia nyingine: fungu la maswali kila miezi mitatu, unayajibu nyumbani machache machache, kila swali na dakika zake.

"Na hapa Saudia nako wanataka masaa," akasema. "Uhudhurie mikutano, usikilize, upate cheti cha kuhudhuria. Bila masaa leseni haihuishwi. Leseni ikilala, na ikama, kibali cha kuishi hapa, nayo inalala."

"Sasa ukiwa nyumbani si unafungua tu kitabu?"

"Ruhusa. Kitabu ruhusa, mtandao ruhusa. Kitu kimoja tu hakiruhusiwi, kumuuliza mtu."

Hilo lilinikaa kichwani. Katika nyumba ambayo hata chumvi ya mchuzi inaulizwa Jeddah, sharti la kutomuuliza mtu lilikuwa geni kama theluji. Lakini kuna jingine lililonikamata zaidi. Madam alisema ukishachagua jibu, kabla hawajakuonyesha kama umepata au umekosa, wanakuuliza: una uhakika kiasi gani? Mdogo, wa kati, au mkubwa?

"Ukisema mdogo wanakukata marks?"

"Hawakati."

"Sasa wanauliza ya nini?"

Akakunja kitambaa cha vyombo, akakitundika. "Anayekosa huku akijua kwamba hajui, kesho atakwenda kutafuta. Anayekosa na uhakika mkubwa, huyo ndiye wa kumwogopa. Haendi kutafuta popote."

Nikaanza kulitembeza swali hilo. Nilikuwa nikipika wali najiuliza uhakika wangu wa maji ni kiasi gani. Tulipokwenda soko la Al-Dirah kununua udi, muuza duka alipoapa kwamba ni ule wa daraja la juu, nilimuuliza kwa Kiarabu changu cha jikoni ana uhakika kiasi gani, akakasirika, akanifungia kopo usoni. Bi Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka hakuuachia ukuta. Alikuwa anahema, na midomo yake haikuwa na rangi.

Hiyo ndiyo habari yenyewe iliyokuwa ikitutia hofu nyumbani, na mtihani ulikuwa nyongeza tu. Bi Mkubwa alikuwa anachoka. Ngazi za fleti zilizokuwa si kitu zikaanza kumkalisha katikati. Viganja vyake vilipauka. Alivaa magauni ya mikono mirefu hata ndani ya nyumba, na akasema ni baridi ya kiyoyozi. Madam aliona yote hayo, maana ndiyo kazi yake kuona, na kila siku alimwomba jambo moja tu, amtoe damu kidogo ipimwe.

"Nshamuuliza kaka yangu," Bi Mkubwa akajibu. "Kanambia ni umri."

"Mama, mjomba hajakuona. Amekusikia kwenye simu."

"Amenisikia tangu nnazaliwa. Weye maliza kwanza mitihani yako."

Aliyasema kwa utani, na utani ule ulikuwa unaingia ndani. Nilimwona madam akitoka pale akaenda kupanga viatu vya mlangoni ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Siku hiyo niliudhika na Bi Mkubwa kweli kweli. Watu wanatoka miji ya mbali, wanakaa kwenye viti vya hospitali tangu alfajiri ili mwanawe awaguse mshipa tu. Yeye anaye sebuleni na hamtaki.

Sasa niseme juu ya tabia moja ya madam, maana bila hiyo lililotokea lisingetokea. Maswali yalikuja kwa Kiingereza, lakini yeye hakuyafikiri kwa Kiingereza. Aliyanong'ona kwa Kiswahili. Kama swali linazungumzia mwanamume fulani mwenye vipimo kadhaa, yeye pale mezani alikuwa anasema chini chini, "Huyu baba amekuja anakohoa, mkewe yuko naye, hali chakula." Mke hakuwamo kwenye swali, alimtia mwenyewe. Nilimuuliza mbona. Akasema kwa Kiingereza anaona vipimo, kwa Kiswahili anamwona mtu.

Ijumaa ile nilikuwa jikoni nachambua mchele. Bi Mkubwa alikuwa amelala kwenye kochi, au tulidhani amelala. Madam alikuwa amefika maswali ya mwisho ya fungu. Alikuwa ameacha kadhaa bila kujibu siku za matanga ya babake, na hakutaka kupoteza mengine. Nikamsikia ananong'ona.

"Mama huyu ana miaka sabini na kidogo. Moyo wake haujawahi kuugua. Kiharusi hajapata. Kila siku anameza aspirini ndogo, eti imkinge. Tumwambie nini mama huyu?"

Halafu vidole vikawa vinagonga meza. Kusema kweli hata mimi nilisimamisha mchele nisikilize.

Bi Mkubwa naye alisikiliza. Na kwa jinsi alivyolelewa, mtu anayetatizika mbele yako na wewe unaye anayejua, utamwachaje? Alikuwa na simu yake kochini, chini ya mtandio. Mto wa chumbani haukuwa na kitu. Nikasikia sauti ya kuita, kisha sauti nzito ya mzee ikajaa sebule nzima, maana Bi Mkubwa hajui kuongea na simu bila spika.

"Kaka, huyu mtoto kakwama. Bi mkubwa wa miaka sabini, moyo mzima, anameza aspirini. Amwambie nini?"

"Amwambie aendelee," ikajibu Jeddah, bila hata kuvuta pumzi. "Ndogo, kila siku, baada ya chakula. Hebu nyie, swali gani hilo? Si ndiyo weye unayomeza miaka yote?"

Nilitoka jikoni na sinia mkononi. Nilitazamia madam atapiga kelele juu ya ile simu, juu ya sharti la kutomuuliza mtu, juu ya mimi niliyeshindwa kulinda mto. Hakuiangalia simu. Alikuwa ameligeukia kochi na mgongo wake umeelekea kompyuta, na kwenye kona ya skrini zile dakika zilikuwa zinajihesabu zenyewe kwenda chini.

"Mama," akasema taratibu, "unameza nini?"

"Simezi kitu. Kidonge cha kaka tu."

"Tangu lini?"

"Ah, tangu lini. Tangu zamani. Si dawa ile, mwanangu, ni kinga."

Saa ya swali ikafika mwisho, likafungwa bila jibu, na maelezo yakajitokeza yenyewe. Madam alinitafsiria baadaye. Zamani madaktari waliwapa wazee wengi kidonge hicho ili moyo usije kuugua. Kisha utafiti ukaonyesha kwamba kwa mzee ambaye moyo wake haujawahi kuugua, faida ni ndogo na hatari ni kubwa, kwa sababu tumbo linaweza kuvuja damu kidogo kidogo bila yeye kuhisi. Aliyewahi kupata ugonjwa wa moyo, huyo habari yake ni nyingine. Madam alilijua hilo vizuri. Kila wiki huko hospitali alikuwa anawaachisha watu kidonge hicho hicho.

Mimi ile alama iliyopotea ilinikaa rohoni. Jioni nilimuuliza, "Uliacha kujibu juu ya ile sheria? Kwani hata jibu la mjomba wako lilikuwa wrong, halingekusaidia."

Akatabasamu kwa uchovu. "Ningekwambia ni sheria ungeniona mtu mwema sana. Nilisahau kama kuna swali."

Bi Mkubwa alikataa kuacha kidonge, na damu pia akakataa kutoa. Alilia, akakasirika, akasema kidonge alipewa na kaka yake na kaka yake ndiye atakayemwachisha, na cheti cha kaka yake hakina mwisho. Bahati nzuri madam alikuwa na mkutano wa madaktari Jeddah wiki iliyofuata, wa kutafuta yale masaa. Akatubeba sote.

Ndani ya ndege sikuwa na amani. Nilijiuliza mpwa anamwambiaje mjomba kwamba amekosea, tena mjomba aliyemlipia ada ya mwaka wa kwanza, mbele ya dada yake, kwenye nyumba yake. Kwetu ungetafutwa mtu wa kati, ungeletwa mzunguko mrefu, na mwishowe lisingesemwa. Nilimuuliza madam atafanyaje. "Sijui," akasema. "Uhakika mdogo." Akatazama nje ya dirisha.

Mjomba alikuwa mrefu kuliko sauti yake, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, na mikono inayotetemeka kidogo. Cheti kilikuwepo kweli, juu ya kochi, kioo kimefutwa. Mlangoni kulikuwa na viatu vya wageni, maana alasiri ndiyo saa yake ya kuulizwa. Bi mmoja alikuwa anatoka akimwombea dua. Nilipewa kazi ya kumimina kahawa, kwa hivyo nilikuwepo, na nisingekubali kutokuwepo.

Madam alimbusu mkono. Akamuulizia afya, na ya wanawe, na ya mguu wake. Kisha akaketi chini, karibu na magoti yake, na akanong'ona kama vile anavyonong'ona mezani.

"Mjomba, kuna mama wa miaka sabini na kidogo. Moyo wake haujawahi kuugua. Anameza aspirini kila siku. Siku hizi anachoka, anahema ngazini, viganja vimepauka. Tumwambie nini?"

Mzee alifungua mdomo kujibu. Madam akamgusa goti.

"Na ukishajibu, mjomba, uniambie una uhakika kiasi gani."

Mdomo ukafungwa. Alimtazama mpwa wake, akamtazama dada yake pale kwenye kochi, akamtazama muda mrefu, kama daktari sasa. Nilikuwa nimeshika dele la kahawa na sikuthubutu kulitua.

"Imebadilika?" akauliza.

"Imebadilika, mjomba. Ulikuwa umeshastaafu."

Nilitegemea hasira. Aliomba miwani. Madam akamfungulia maandishi kwenye simu yake, akayakuza, na yule mzee akasoma kwa midomo, anarudi nyuma, anauliza neno, anabisha, anauliza waliopimwa walikuwa watu wa namna gani, anabisha tena. Kahawa ilipoa. Sikuwahi kumwona mtu wa umri ule akiwa na njaa kama ile ya kujua. Wakati mmoja alicheka peke yake kwa jambo lililoandikwa mle. Kisha akafika mwisho, akavua miwani, na macho yake yakaenda mlangoni, kwenye vile viatu.

"Na hao niliowapa?" akasema.

Bi Mkubwa alikuwa amewatazama wote wawili muda wote huo, vichwa viwili juu ya simu moja, kaka yake anauliza na mwanawe anajibu. Alijiinua kochini kwa shida, akaja akaketi kwenye kiti kilichokuwa mbele ya binti yake.

"Na weye," akasema, "una uhakika kiasi gani kama ni kidonge?"

"Wa kati, mama," madam akajibu. "Damu ndiyo itakayosema."

Nilidhani ameharibu. Mtu amezoea kaka asiyevuta pumzi kabla ya kujibu, unamwambiaje wa kati? Lakini Bi Mkubwa alitikisa kichwa polepole, akakubali. Akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, na hapo tukaona ilikuwa baridi gani ile ya kiyoyozi. Mkono mzima ulikuwa na mabaka ya damu iliyovilia, ya zambarau na ya manjano, alama za kujigonga kidogo tu na meza, na kitasa. Madam aliushika mkono ule kwa mikono miwili na akalia waziwazi, bila kujificha kwa mjomba wala kwangu.

Asubuhi yake damu ilipimwa hapo hapo Jeddah, ikakutwa imepungua sana, na tumbo lilipochunguzwa likakutwa linavuja. Kidonge kiliachwa. Alipewa dawa na akaongezwa damu, na sasa ngazi za Malaz anazipanda akinitukana kwamba nachelewa. Ile alama haikurudi. Madam anasema atalipata swali jingine. Ijumaa simu ya Bi Mkubwa inakaa jikoni kwangu, mfukoni mwa aproni, na anaileta mwenyewe.

Lakini nikikumbuka Jeddah nakumbuka magharibi ya siku ile ile, kabla hatujajua lolote la damu. Wageni walikuwa wameondoka. Mjomba alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anapiga simu moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, akiwauliza kwanza wale aliowapa kidonge kama waliwahi kuugua moyo. Aliyewahi alimwambia asiache, aende kwa daktari wake. Kwa wengine alianza upya kila mara kwa maneno yale yale, kwamba nilikwambia hivi, sasa nakwambia vingine. Bila shaka kuna aliyejilaumu huko upande wa pili, maana nilimsikia mzee akimkatiza.

"Hapana, kosa si lako," alisema. "Nyinyi nyote mlikuwa mnaniuliza. Mimi ndiye nisiyekuwa na wa kunihoji."

Kisha akaniita nimletee maji, na nilipotoka alikuwa anatafuta namba ya mwingine.